Sura ya Tano: Jumamosi Saa Nane Mchana

Kozi ya viongozi wa skauti haipimwi siku ya kufunga. Siku hiyo kila mtu ana furaha. Vyeti vimepangwa mezani, mgeni rasmi kavishwa skafu, harufu ya pilau imeshafika ukumbini, na aliyekuwa akisinzia tangu siku ya kwanza anapiga makofi kwa nguvu kuliko wote. Subiri wiki tatu, kisha nenda Kilolo au Rujewa Jumamosi saa nane mchana, usimame kando ya uwanja wa shule. Watoto arobaini wamekuja. Mwalimu aliyejitolea yuko peke yake, kipenga shingoni, na wingu linakusanyika upande wa milimani. Ana saa moja na nusu ya kuwashughulisha. Akiwapanga mistari, akawachezesha gwaride, akawaimbisha, akawachezesha gwaride tena, halafu akawaruhusu waende nyumbani, ujue kozi aliyohudhuria ilipangwa vibaya, hata kama pilau lilikuwa tamu.

Ndiyo maana mimi hupanga kozi kuanzia kwenye hiyo Jumamosi na kurudi nyuma. Kabla ya kuuliza mada zipi zifundishwe, nani azifundishe na ukumbi upi ukodiwe, najiuliza mwalimu huyu atasimama mbele ya watoto wa umri gani, ana vifaa gani, na ana muda gani kabla hajatakiwa kurudi shambani kwake. Shule nyingi za Nyanda za Juu Kusini hazina mahema wala kamba za maana. Zina uwanja, miti, majembe ya shamba la shule, madebe ya maji, chaki na watoto. Kozi inayohitaji projekta ili ieleweke imeshampoteza mtu huyu kabla hajapanda kosta ya kurudi kwao.

Gwaride lenyewe sina ugomvi nalo. Mtanzania wa kawaida anamjua skauti kwa mambo mawili: kumvisha mgeni skafu, na kusimama barabarani mbio za Mwenge zinapopita. Hayo yana heshima yake. Afisa tarafa akipiga simu jioni hii kwamba Mwenge unapita kesho, vijana wa skauti watakuwa barabarani alfajiri hata kama kuna ukungu wa kutoonana. Lakini mtoto aliyejiunga kwa hamu ya kulala porini, kuwasha moto, kusoma ramani na kuongoza wenzake, akilishwa mguu pande, mguu sawa mwaka mzima, ataacha. Atakayebaki ni yule anayependa sare.

Tatizo hili la viongozi wasioandaliwa ni la zamani kama skauti yenyewe. Kambi ya majaribio ya Robert Baden-Powell, afisa wa jeshi la Uingereza aliyeanzisha skauti, katika kisiwa cha Brownsea, Agosti 1907, ilikuwa na wavulana wapatao ishirini. Kitabu chake kilipotoka mwaka uliofuata, vijana walianza kujikusanya wenyewe kwa maelfu, na watu wazima wakabaki nyuma wakitafuta namna ya kuwaongoza. Mwaka 1919 W. F. de Bois Maclaren akanunua eneo la Gilwell, pembezoni mwa London, akalikabidhi kwa chama cha skauti, na kuanzia tarehe 8 hadi 19 Septemba mwaka huohuo kozi ya kwanza ya Wood Badge, mafunzo ya viongozi wa skauti, ikafanyika hapo chini ya Francis Gidney. Kwangu mimi, kilichoifanya kozi ile idumu ni mpangilio wake. Watu wazima waligawanywa katika vikosi vidogo kama wavulana, wakaishi kambini kama wavulana, wakafanya kwa mikono yao yale ambayo wangetaka vijana wao wayafanye.

Kozi hiyo ilifunguliwa kwa baragumu la pembe ya tandala, pembe ambayo Baden-Powell aliipata katika vita dhidi ya Wamatabele mwaka 1896 na aliyokuwa ameitumia Brownsea pia. Msomaji wa Iringa hahitaji kuchorewa tandala. Hifadhi ya Ruaha inasifika kwa kuwa na tandala mkubwa na tandala mdogo kwa pamoja. Nazo shanga mbili za mbao anazovaa aliyehitimu Wood Badge, tatu kwa mkufunzi msaidizi na nne kwa mkufunzi kamili, zinatajwa kuwa na asili katika mkufu wa Dinuzulu, mfalme wa Wazulu. Washiriki wenye jicho kali huuliza mkufu wa mfalme ulifikaje mikononi mwa afisa wa jeshi la Uingereza. Wajibiwe bila kuzungukazunguka: ulitoka kwenye vita vya kikoloni. Mkufunzi anayelipita swali hilo juujuu anawazoesha walimu kuwapita watoto juujuu.

Hata hivyo, si lazima twende mpaka Uingereza kutafuta mfano. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikaa kwenye vikundi vijijini, wakasikiliza redio, wakasomewa kijitabu, wakajadiliana kuhusu malaria, maji na vyoo, kisha wakainuka kwenda kuchimba vyoo. Nyuma ya vikundi hivyo walikuwepo viongozi zaidi ya elfu 70, waliopewa semina fupi kwa ngazi, kutoka taifa kushuka mpaka vijijini. Kiongozi wa namna hiyo hakufundishwa awe tabibu. Alifundishwa kuendesha kikundi: asome kidogo, aulize, amsubiri aliyekaa kimya, na kikao kiishe kwa kazi ya kufanya. Wazee wengi wa Mbeya na Iringa waliokuwa vijana wakati ule bado wanaikumbuka, na ukiwa nao kwenye kozi, waache waisimulie. Watakuokolea nadharia ya asubuhi nzima.

Kampeni ile ilionyesha udhaifu pia. Mafunzo yanayoshuka ngazi kwa ngazi hupungua uzito kila yanapovuka mkono. Mkufunzi wa taifa hueleza na kuonyesha, wa mkoa hueleza tu, wa wilaya husoma alichoandika, na aliye mwisho wa mstari anapokea kivuli. Kwa hiyo ngazi za kozi ya skauti ziwe chache iwezekanavyo, na atakayekaa na watoto akutane ana kwa ana na mtu anayeijua kazi.

Baada ya hapo inakuja kalenda, ambayo imeua kozi nyingi kuliko ukosefu wa fedha. Huku kwetu mvua huanza Novemba na kuendelea mpaka Aprili au Mei. Karibu kila mwalimu ni mkulima: wa Rungwe ana migomba na chai, wa Uyole ana viazi, wa Mbarali ana mpunga, wa Mufindi ana mahindi na pengine ekari kadhaa za miti. Novemba na Desemba ni kupanda, na Novemba hiyohiyo kuna mtihani wa kidato cha nne. Septemba ni darasa la saba. Kati ya Aprili na tarehe 14 Oktoba kuna siku za Mwenge, ambazo huzijui mpaka ratiba itoke. Mwanzoni mwa Agosti, Nane Nane katika viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya inameza kila mwenye sare. Unabakiwa na likizo ya Juni, ambayo ni mavuno na ni baridi.

Mimi huchagua mwisho wa Juni na kuikubali baridi. Mavuno yanaweza kusubiri siku nne ukimwarifu mtu mwezi mmoja kabla. Mtihani wa taifa hausubiri. Ila baridi yenyewe ipangiwe. Mtu wa Kyela aliyezoea joto la ziwani, akilazwa Mafinga usiku wa Juni na shuka moja, kesho yake hatajifunza chochote, na ukimuuliza mwaka ujao atakwambia skauti ni mateso. Andika kwenye barua ya mwaliko: mablanketi mawili, soksi, koti. Na kwa kuwa Juni majani yameanza kukauka, kambi yoyote ya upande wa Mufindi, jirani na msitu wa Sao Hill, ianze kwa mazungumzo na watu wa misitu kuhusu mahali pa kuwashia moto. Moto wa kambi ukiponyoka pale, unaunguza riziki za watu na jina la skauti kwa pamoja.

Mikoa miwili ikitaka kufanya kozi ya pamoja, mahali hujichagua penyewe. Kutoka Iringa mjini mpaka Mbeya ni kilomita zipatazo 330, na Makambako iko karibu katikati ya njia. Tangu mwaka 2012 Makambako imo mkoa wa Njombe, hivyo mwenyeji atakuwa wa tatu, na mwenyeji wa tatu hupunguza ule ubishi wa nani aende kwa nani.

Sasa posho. Sera ya kimataifa kuhusu watu wazima katika skauti, iliyopitishwa Bangkok mwaka 1993, ilieleza vizuri namna ya kumpata mtu mzima, kumfunza, kumsaidia kazini na kumpumzisha kwa heshima. Walioiandika naamini hawajawahi kusimama mbele ya walimu thelathini saa kumi na moja jioni, kila mmoja akitazama mlangoni kama mhasibu anakuja. Kwetu, neno semina limekaa na posho muda mrefu mno kwa mtu kujifanya halijui. Na mwalimu anayeuliza kuhusu posho hana tamaa. Ameacha mahindi shambani, ameacha duka au bodaboda yake kwa mtu mwingine.

Ninachofanya ni kutenganisha deni na zawadi. Nauli ya kwenda na kurudi, chakula na mahali pa kulala ni deni la chama. Vilipwe kikamilifu, na nauli ilipwe siku ya kwanza mtu anapojiandikisha, isishikiliwe mpaka siku ya kufunga kama dhamana ya kumzuia asitoroke. Posho ya kikao haipo, na barua iseme haipo, kwa sentensi moja isiyo na aibu, kabla mtu hajafunga begi. Watakuja wachache kuliko ulivyotarajia. Lakini utakuwa na watu waliokuja wakijua wanachokijia, na kumi wa namna hiyo nawapokea kwa furaha badala ya arobaini wanaonong'ona. Barua hiyo ipitie kwa afisa elimu na kwa mwalimu mkuu, ili mshiriki asije akadaiwa maelezo ya utoro.

Kuhusu mgeni rasmi nitakuwa mfupi. Ratiba inasema atafungua saa tatu. Atafika saa tano, kwa sababu zisizo zake. Usimweke kwenye ufunguzi. Mwalike siku ya pili mchana, akute watu wako vikosini, mikono ina masizi. Mkuu wa wilaya anayekaribishwa kwenye gogo na kupewa kikombe cha chai ya moshi huongea dakika tano, na mara nyingi huongea vizuri kuliko kwenye kipaza sauti.

Nieleze kipindi kimoja kwa kirefu, kwa sababu ndicho ninachokijua vizuri zaidi: kikosi kupika chakula chake. Kipo karibu kila kozi, na mara nyingi huharibiwa kwa kugeuzwa mapumziko kati ya mihadhara miwili. Mimi hukipa saa nne za asubuhi ya siku ya pili, kuanzia saa tatu, na kila kitu kingine kinakizunguka.

Kikosi kina watu saba. Wanapewa sufuria mbili, kisu kimoja, shoka, viazi, maharage yaliyolowekwa tangu jana, vitunguu, mafuta, chumvi, na njiti tatu za kiberiti. Kuni ni za milingoti na zimelowa umande. Kikosi kinapewa kadi yenye maelekezo ya sentensi moja: saa saba kamili kila mtu awe amekula, na kila mtu awe amefanya kazi aliyopangiwa na kiongozi wa kikosi. Kiongozi anateuliwa mapema, na mimi humteua aliye mdogo kuliko wote.

Kwenye kikosi ninachokikumbuka, kiongozi alikuwa Rova, yaani skauti wa ngazi ya vijana wakubwa, wa Mwanjelwa aliyekuwa bado anatafuta kazi, na miongoni mwa watu wake alikuwemo mwalimu mkuu aliyekaribia kustaafu.

"Shikamoo, Mwalimu," alianza.

"Marahaba, kiongozi. Haya, tupangie."

Kijana akasita. Akamtazama mzee, akaitazama sufuria. "Mwalimu, wewe kaa tu hapo kwenye gogo. Sisi tutapika."

Mama mmoja wa Tukuyu akacheka. "Ukimkalisha yeye, baba, na mimi je, unanikalisha? Hebu nipe hicho kisu."

Akapewa kisu. Mwalimu mkuu akakaa kwenye gogo kama alivyoambiwa. Njiti ya kwanza ikazimika, ya pili ikashika kwenye majani na kutoa moshi mtupu. Kikosi cha jirani kilikuwa kimeshabandika maharage na kilianza kuimba, jambo ambalo halisaidii hata kidogo. Hapa ndipo mkufunzi anapojaribiwa. Kila kiungo kinakutuma uende ukawashe ule moto. Usiende. Simama hatua kumi, mikono nyuma, na kama huwezi kujizuia nenda kaandike kitu.

Ilipokaribia saa tano kijana alikwenda kwenye gogo, akachuchumaa mbele ya mzee na kumwomba shoka lishikwe na mtu anayelijua. Mwalimu mkuu hakusema neno. Alilipasua gogo la mlingoti katikati, akalipasua tena, akachonga vipande vyembamba kutoka kwenye moyo wa gogo, ambako umande haufiki, akavisimamisha kama msonge. Njiti ya tatu ikashika. Walikula saa saba na nusu, viazi vikiwa vigumu kidogo katikati.

Saa nzima inayofuata ni ya kuzungumza, na hiyo saa ndiyo kozi. Wapangaji wengi huiandikia dakika kumi za "tathmini", halafu chakula kinachelewa na hata hizo kumi zinaliwa. Kikosi kikae kwa duara, kipewe swali moja moja na kingojewe. Kwanza: nini kilitokea, kwa mpangilio wake, bila kulaumu. Swali la pili ni nani alikosa kazi, na kwa nini. Kikosi kile kilinyamaza kwa muda mrefu, mpaka kijana akasema, "Mwalimu. Niliogopa kumtuma."

Mwalimu mkuu akatikisa kichwa. "Kwangu shuleni ni kinyume chake. Wanaokalishwa kwenye gogo ni wadogo. Nawaambia wakae, wakubwa watafanya. Sasa nimejua wanajisikiaje."

Hakuna mhadhara kuhusu mfumo wa vikosi ungemfikisha pale. Na laiti mkufunzi angeingilia kuwasha moto, angekuwa amemnyang'anya mzee hilo. Heshima kwa wakubwa haikuvunjwa pia, jambo linalowatia hofu wakufunzi vijana wengi wanapowaona walimu wakuu na wastaafu kwenye orodha. Shikamoo ilitolewa, kijana alichuchumaa, na kazi ikafanyika. Utaratibu wa kumwomba mkubwa badala ya kumwamuru upo tayari katika lugha na mila zetu, uwe Mnyakyusa au Mhehe. Kiongozi wa kikosi anahitaji tu kujua kwamba kuomba ni sehemu ya kuongoza.

Swali la tatu ni: Jumamosi utafanya nini? Kila mmoja anachukua nusu karatasi na kuandika mpango wa saa moja na nusu kwa watoto wake. Shule isiyo na kuni wala sufuria haipiki. Itatafuta kazi nyingine yenye umbo hilohilo, kwa mfano kupima urefu wa mti bila kuupanda, au kubeba debe la maji kutoka kisimani bila mtu yeyote wa kikosi kukaa bure. Mkufunzi anazisoma karatasi zote jioni ile na kumrudia kila mtu. Anayeandika "gwaride" kwenye mistari minne kati ya mitano, kaa naye.

Yapo mambo ambayo hayafundishwi kwa kuyajaribu, na la kwanza ni ulinzi wa mtoto. Hapa mkufunzi asimame, aseme, na watu waandike. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaja mtoto kuwa mtu aliye chini ya umri wa miaka kumi na minane, hivyo hata kijana mrefu wa kidato cha nne mwenye ndevu mara nyingi bado ni mtoto. Mtu mzima hakai na mtoto mmoja mahali pa faragha, halali naye hema moja, hampeleki peke yake kwa bodaboda usiku. Kiboko hakina nafasi kwenye skauti, na kwa walimu waliozoea fimbo hili lisemwe mara mbili. Simu 116 ni ya bure, ni ya msaada kwa watoto, na iandikwe kwenye ubao wa kundi mahali mtoto anapoweza kuisoma bila kumwomba mkubwa ruhusa. Mkutano wa dunia wa skauti uliofanyika Baku mwaka 2017 uliipitisha sera ya kuwalinda watoto dhidi ya madhara, lakini mwalimu wa Chunya hataikumbuka Baku. Atakumbuka kanuni nne na namba moja.

Kozi ionyeshe kanuni hizo kwa namna inavyoishi yenyewe. Mabweni ya wanawake na wanaume yatengwe, vyoo vyenye mlango na komeo viwepo, vipindi viishe kabla ya giza kwa wanaolala nje ya kambi, na mama mwenye mtoto mchanga aruhusiwe kuja na dada wa kumsaidia, chakula cha huyo dada kikiwa ndani ya bajeti. Kozi nyingi hujaa wanaume kwa sababu hakuna aliyefikiria komeo.

Bajeti nyingi pia hukatikia siku ya kufunga, na hapo ndipo zinapokosea hesabu. Kila mshiriki atembelewe ndani ya wiki sita, kwa taarifa na si kwa kuvizia, na mtu anayeweza kufika kwa bodaboda na kurudi kwake siku hiyohiyo. Kiongozi mwenye shanga aliye Igawa anafaa kumtembelea mwenzake wa Rujewa kuliko mkufunzi wa kutoka mjini Mbeya, kwa sababu atarudi tena bila kuitwa. Akifika akae pembeni, asishike kipenga, asimsahihishe mwenyeji mbele ya watoto. Watoto wakiisha kuondoka, wawili hao wakae wanywe chai, waitoe ile nusu karatasi na kuona nini kilifanyika, nini kilishindikana na kinahitaji nini. Mara nyingi kinachohitajika ni kamba ya mita ishirini, au barua kwa mwalimu mkuu mpya asiyejua skauti ni nini. Nauli za safari hizo ziandikwe juu kabisa ya bajeti, kabla ya fulana na mabegi yenye nembo, na fedha zikipungua, kifutwe kitu kingine chochote, pilau likiwemo.